Mondo, kimburu na simbamangu: paka wadogo wa Nyanda za Juu Kusini

Wazee wetu shikamooni, na wenzangu wote habari za mchana.

Naanza na jambo linalomponza mondo kuliko mengine: kufananishwa na chui. Mtu akija mbio kusema ameona chui pembeni mwa shamba la viazi, kabla hamjashika mikuki mwulizeni mambo matatu. Mkia ulifika wapi? Wa mondo ni mfupi, sentimita 30 hivi, unaishia karibu na kifundo cha mguu wa nyuma. Wa chui ni mrefu sana. Madoa yalikuwaje? Ya mondo yamejaa weusi, na shingoni yanaungana kuwa michirizi. Ya chui ubavuni ni vishada vyenye uwazi katikati. Na masikio? Mondo ana masikio makubwa yaliyosogeleana juu ya kichwa kidogo, meusi kwa nyuma, na baka jeupe limekatiza weusi huo.

Mondo dume ana kilo 9 hadi 18, jike ni mwepesi zaidi, lakini begani anafika sentimita 54 hadi 62. Ukipima miguu kwa mwili, hakuna paka mwingine duniani mwenye miguu mirefu kama yake. Miguu hiyo kazi yake kubwa ni kuyainua masikio juu ya majani. Mondo huwinda kwa kusikia. Anatembea polepole, anasimama, anatulia kimya, hata macho anaweza kuyafumba, mpaka ajue panya anatafuna wapi. Hapo anaruka juu kwa miguu yote minne na kumshukia kwa miguu ya mbele. Utafiti uliofanywa katika kreta ya Ngorongoro ulionyesha kwamba karibu nusu ya miruko yake huleta windo, na kwa mnyama mwindaji hicho ni kiwango kikubwa mno. Kinachomshinda ni upepo: majani yakianza kuvuma, hasikii kitu.

Wakulima wa viazi, sikilizeni na hili. Mondo humwinda hata fuko. Anafukua sehemu ndogo ya njia yake ya chini ya ardhi, kisha anasimama pale ameinua mguu mmoja wa mbele. Fuko akija kuziba tundu, anavutwa nje.

Kimburu ni mdogo, kilo 3 hadi 6 hivi, na ndiye asili ya paka wetu wa nyumbani. Vinasaba vilithibitisha hilo mwaka 2007. Mtambueni kwa mgongo wa masikio wenye rangi ya kutu, miguu mirefu, na mkia wenye pete na ncha nyeusi. Adui yake mkubwa sasa si bunduki, ni paka wa kijijini, anayezaa naye na kumwambukiza magonjwa. Anayeishi kando ya hifadhi, paka wake wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na wahasiwe.

Simbamangu tutampata chini zaidi, kwenye vichaka vikavu vya Usangu na Ruaha. Ana rangi moja ya hudhurungi nyekundu na vishungi vyeusi kwenye ncha za masikio. Huyu anaweza kuua digidigi, na mbuzi mdogo akimkuta nje usiku hamwachi.

Turudi kwa mondo, maana huku juu ndiye jirani yetu. Anachohitaji ni majani marefu, maji karibu, na panya. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, una hayo. Mabonde tunayolima vinyungu, yaani bustani za bondeni, nayo yanayo, ila sisi tunafyeka mpaka ukingo wa maji halafu tunachoma. Ukiacha ukanda wa majani wa mita chache kando ya mto, mondo ana mahali pa kupita na kulala. Msitu wa misindano au milingoti ukishafunga kivuli, nyasi chini hupungua na panya wake nao. Sitawadanganya kwamba mondo atazuia mlipuko wa panya shamba: panya jike mmoja huzaa zaidi ya watoto kumi kwa mkupuo. Lakini miaka ya kawaida, anayewapunguza bure ni huyu.

Kuku? Ndiyo, anakula, hasa wanaolala wazi. Dawa ni banda. Wavu wa tundu lisilozidi sentimita 2.5, na chini uuzike sentimita 30 kisha uukunje kuelekea nje, ili anayechimba akutane nao. Paa lifungwe kabisa, kwa sababu mondo anaruka mita mbili na zaidi. Uzio bila paa ni hasara. Kuku waingie kabla jua halijazama, kwani jioni na alfajiri ndiyo saa zake.

Sumu naipinga waziwazi. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya hutembea siku kadhaa akilegea, na panya aliyelegea ndiye rahisi kukamatwa. Mondo akila wengi, sumu inajikusanya kwenye ini, anavuja damu ndani kwa ndani. Kama lazima uitumie, iwe ndani ya ghala, na mizoga iokotwe kila asubuhi ifukiwe chini sana. Wanaotegesha nyama yenye viuatilifu wanaua mpaka mbwa wa jirani, tena wanavunja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

La mwisho ni watoto wa mondo wanaokutwa wakati wa kufyeka. Huwa wawili au watatu, kwenye majani mazito. Hawajatelekezwa, mama yao ameenda kuwinda. Msiwashike. Acheni majani yaliyowazunguka bila kufyekwa, fungeni mbwa, ondokeni mpaka kesho. Mama hurudi, na mara nyingi huwahamisha mwenyewe. Wakipelekwa nyumbani, maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na nyama tupu isiyo na mifupa hulegeza mifupa yao mpaka ipinde. Ukiona kweli mama amekufa, mpigie afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo.