Namna Mwanafunzi Anavyojiona na Umakini Unaopotea Darasani

Ndugu walimu, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilizungumza jambo hili, kwamba namna mwanafunzi anavyojiona huweza kumpotezea umakini darasani, na mwenyekiti ameniomba safari hii nisilirefushe. Nitalirudia hata hivyo, kwa sababu katika shule nyingi ninazozitembelea ile orodha ya matokeo, yenye majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, ingali imebandikwa ukutani, na wa mwisho angali anaitwa kilaza mbele ya wenzake.

Majaribio ya wanasaikolojia Steele na Aronson ya mwaka 1995, ambamo wanafunzi weusi wa Marekani walishuka walipoambiwa kwamba mtihani unapima akili yao, mnayajua, sitayarefusha. Nianzie India, jimbo la Uttar Pradesh, mwaka 2003. Wachumi wawili, Karla Hoff na Priyanka Pandey, waliwakusanya wavulana wa darasa la sita na la saba katika makundi ya watoto sita sita, watatu wa tabaka la juu (kule mtu huzaliwa katika tabaka lake) na watatu wa jamii ambayo zamani hata kuigusa kulihesabiwa kuwa najisi. Waliwapa mizingile, yaani ile michoro ya njia zinazopindapinda ambamo mtoto hutafuta kwa penseli mahali pa kutokea, na kwa kila mzingile aliouweza mtoto alilipwa rupia 1. Pale ambapo hakuna aliyetaja tabaka la mtu, watoto wa jamii ile ya chini waliiweza mizingile sawasawa na wenzao. Katika makundi mengine, kabla ya kazi kuanza, msimamizi alisoma kwa sauti jina la kila mtoto, kijiji chake, jina la baba na la babu, kisha tabaka lake, na mtoto akatakiwa kutikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyeambiwa kwamba hawezi. Mizingile ilikuwa ileile na malipo yaleyale, lakini watoto wa tabaka la chini walishuka, na pengo likaonekana ambalo katika makundi ya kwanza halikuwapo.

Naomba tusiipite haraka habari hii. Mwalimu anayesema kwamba mtoto ama ana akili ama hana, kana kwamba akili ni kitu kisichobadilika kama alama ya kidole, anieleze akili ya wavulana wale ilikwenda wapi ndani ya muda wa kutikisa kichwa. Tena liko jambo ambalo wanaoisimulia habari hii hulisahau: watoto walipotengwa, kila tabaka kundi lake, na tabaka likatajwa, hata wale wa juu walishuka. Kwa hiyo nasi tunaowakusanya vipanga katika mkondo wao na vilaza katika mkondo wao, tukiamini kwamba angalau vipanga wananufaika, tusiwe na hakika kiasi hicho.

Sababu yake si uchawi. Ile sehemu ya akili inayoshika mambo machache huku ikiyafanyia kazi, ambayo wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974 na ambayo mimi huiita kumbukumbu tendaji, ni finyu kwa kila mtu. Mtoto anayezidisha 37 kwa 6 hana budi kusema saba mara sita ni 42, aandike 2, ashike 4, aende kwenye 3, apate 18, kisha aikumbuke ile 4 na kuijumlisha. Sasa humohumo ndani ya nafasi hiyo finyu, mtoto ambaye amekwisha kutajwa anaingiza kazi ya pili: anajitazama. Anachungulia kama mwalimu amemwona akisita, kama jirani yake amemaliza, kama leo tena watacheka. Ile 4 inadondoka, na jibu linakuwa 182 badala ya 222. Mwalimu anaweka alama ya kosa na kuandika kwamba mtoto hajui kuzidisha, wakati kuzidisha amezidisha vizuri. Mwaka 2003 Toni Schmader na Michael Johns waliipima nafasi hiyo kwa wanawake waliokumbushwa dhana ya kwamba wanawake ni dhaifu katika hesabu, wakakuta imepungua.

Ninajua mtasema: sisi nasi tulisomewa majina hadharani, tukachekwa, na mbona tumefika? Umefika wewe, ndugu yangu. Katika darasa lenu mlikuwa wangapi? Wale ambao hawakufika hawamo ukumbini humu kukujibu. Mimi mwenyewe nilifundisha hisabati kwa miaka tisa, na nilikuwa nikisoma matokeo kuanzia wa mwisho. Alikuwapo kijana aliyelisikia jina lake kwanza kila muhula, na jioni moja nilimkuta kwenye genge la mama yake akijumlisha nyanya, vitunguu na mchicha na kurudisha chenji kwa watu watatu kwa pamoja, bila karatasi. Nililinunua fungu langu nikaondoka, na muhula uliofuata nikamsoma tena wa kwanza kutoka mwisho. Hilo linaniuma mpaka leo.

Yuko pia atakayesema kwamba ushahidi wenyewe unabishaniwa. Ni kweli. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi waliwajaribu wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari na hawakuona kwamba wasichana waliokumbushwa dhana ile ya hesabu walishuka. Sidai kwamba kila neno humwangusha kila mtoto. Nasema kwamba sentensi moja kwenye karatasi ya jaribio ni kitu chepesi, na jina linalosomwa mwaka baada ya mwaka mbele ya watoto mnaoteka nao maji ni kitu kingine.

Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora mwezi Januari 2023. Sisi huku chini bado tunabandika.

Naona ninaonyeshwa saa. Suala la lugha ya kufundishia nitaliacha. Kuhusu hofu ya mtihani, niseme tu kwamba Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Haihitaji bajeti, ijaribuni. Na kuhusu orodha, kila mwanafunzi apewe karatasi yake mkononi. Mzazi anayetaka kujua nafasi ya mwanawe aje shuleni, aketi, aambiwe ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa.