Trela la viazi, Isyonje hadi Uyole: kufunga, kupanga mzigo na kushuka mlima

Haya, shikamooni wakubwa, na wadogo habari za asubuhi. Tupo Isyonje, mkoani Mbeya, hapa barabara ya kwenda Kitulo inapochepuka. Ni saa moja kasoro, na huo mvuke mnaouona kila nikifungua mdomo ni baridi ya huku, kamera ni nzima. Nyuma yangu kuna pikapu yangu ya foo-wili, na lile ni trela nililolichomelea mwenyewe karakana kwangu Uyole. Kazi yangu ni kutengeneza matrela, na kazi hii naipenda toka moyoni, ndiyo maana sipendi kuona trela limelala mtaroni.

Video hii imetokana na mdogo wangu aliyeko Texas. Amenunua Ford Maverick, kipikapu kidogo cha haibridi, yaani kina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, akanipigia: "Kaka, hii yangu inavuta kwa magurudumu manne, si nikifunga trela ndiyo nimemaliza?" Nikamwambia subiri, nakujibu kwa picha, na wengine wafaidike. Huku kwetu hamtaiona gari hiyo, usukani wake uko kushoto tu, lakini boli ni boli na mlima ni mlima.

Twende. Gari na trela viwe pasipo na mteremko. Hendibreki, jiwe mbele na nyuma ya matairi ya trela. Rudisha gari taratibu mpaka boli likae chini ya kikombe. Dogo, sogea na kamera. Boli ni hiki kichwa cha chuma cha duara nyuma ya gari, kikombe ni hiki cha kwenye shingo ya trela kinacholifunika.

Kwanza soma namba. Juu ya boli imepigwa chapa, na kwenye kikombe pia ipo. Futa grisi usome. Kuna boli la milimita 50, na kuna la inchi 1 na 7/8, ambalo ni kama milimita 47.6. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiweka boli dogo kwenye kikombe cha 50, litaingia vizuri tu, komeo litafunga vizuri tu, halafu tuta la kwanza litakuchomolea trela.

Sasa shusha jeki ya trela, kikombe kikae juu ya boli, funga komeo, weka pini. Umesikia huo mlio, "ta"? Watu wengi wakiusikia wanaingia kwenye gari. Hapa ndipo nataka mtulie.

Ndani ya kikombe kuna ulimi wa chuma. Ukifunga komeo, ulimi unatakiwa kuingia CHINI ya boli na kulikumbatia. Lakini boli lisipozama hadi mwisho, ulimi unaishia ubavuni au juu yake, na komeo linafunga vilevile. Kwa nje huoni tofauti yoyote. Pini inaingia, mlio unausikia, na trela limekaa juu ya boli kama sufuria juu ya mafiga.

Mimi yalinikuta. Ilikuwa miaka mingi nyuma, mvua inanyesha, nina haraka, nikafunga hivyo hivyo. Nikatembea kilomita kama tano bila shida. Kwenye tuta kabla ya Igawilo nikasikia kishindo, nikatazama kioo cha pembeni, shingo ya trela inachora lami na cheche zinaruka. Minyororo ndiyo iliyolishika. Nyuma yangu alikuwa anakuja mtu wa bodaboda amembeba mama na mtoto mgongoni. Wakapita salama. Mpaka leo nikifunga komeo namwona yule mtoto na kofia yake ya sufu.

Kwa hiyo fanya hivi, kila safari. Komeo likiwa limefungwa, zungusha jeki kama unataka kulinyanyua trela. Dogo, onyesha springi za gari. Unaona? Nyuma ya pikapu inapanda pamoja na trela. Maana yake kikombe kimelishika boli. Kama kikombe kingenyanyuka peke yake, fungua, anza upya. Tena: komeo limefunga, nyanyua kwa jeki, gari lipande. Halafu piga goti, ingiza kidole kwa chini, upapase ulimi. Huu hapa, upo chini ya boli. Sasa shusha, kunja jeki.

Minyororo ni miwili, na unaivusha kwa chini iwe alama ya X. Shingo ikidondoka inaangukia kwenye minyororo badala ya barabarani. Iwe mirefu ya kutosha kukata kona, isiburuzike.

Chomeka plagi ya taa. Dogo, kanyaga breki. Sawa. Indiketa ya kushoto, sawa. Kulia... kulia. Washa kulia. Haiwaki vizuri. Mnaona, inafifia, na taa ya breki nayo inawaka kidogo kidogo. Usikimbilie kubadilisha balbu. Taa mbili zikichanganyikiwa pamoja namna hii, mara nyingi ni waya wa athi, umeme haupati njia ya kurudi. Upo hapa kwenye fremu. Tazama hiyo kutu. Nafungua nati, napiga msasa mpaka chuma king'ae, narudisha, nakaza. Dogo, kulia. Hiyoo! Nimefurahi imetokea kamera ikiwa inawaka, maana hili tatizo ndilo linaloletwa karakana kuliko yote.

Mzigo. Trela tupu ni kilo 300, nimelipima. Magunia haya sita ya viazi mviringo ni ya kilo 100 kila moja, yamepimwa. Jumla 900. Sasa sikilizeni wafanyabiashara: usihesabu magunia, pima. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa tunazijua wote. Kila gunia likiwa na 130, hayo sita ni 780, ongeza trela, ni 1,080. Gari haijui umehesabu mangapi, inajua uzito.

Shingo ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa kilo 900 ni kati ya 90 na 135. Nimeazima mizani ya kupimia viazi hapa kwa mama mmoja, asante sana mama, na kabla ya kufunga niliiweka chini ya shingo. Nilipoanza na magunia matatu mbele ya ekseli na matatu nyuma, ilisoma 60. Nyepesi mno. Shingo ikiwa nyepesi, trela linaanza kuyumba mkia ukifika mwendo wa lami. Nikasogeza gunia moja mbele, ikasoma 110. Nimeridhika. Na likiyumba ukiwa njiani, usikanyage breki kwa nguvu wala usipambane na usukani: achia mafuta, shika usukani unyooke, mwendo upungue wenyewe.

Sasa mdogo wangu, jibu lako. Maverick ilipoanza, modeli ya 2022, ya haibridi ilivutwa na magurudumu ya mbele tu, na kikomo chake cha kuvuta kilikuwa pauni 2,000, yaani kilo 907. Hili trela hapa lingeimaliza. Kuanzia modeli ya 2025 ndipo haibridi ikapata magurudumu manne, na ukiinunua na vifaa vyake vya kuvutia mzigo mzito, kikomo kinafika pauni 4,000, kilo 1,814. Angalia yako ilikuja na vifaa hivyo au la. Kuwa na magurudumu manne peke yake hakuongezi kikomo.

Yanasaidia nini basi? Shingo ikikandamiza nyuma ya gari, mbele kunakuwa kwepesi. Ukipanda mlima, uzito unazidi kurudi nyuma. Gari inayovutwa na mbele, matairi yanayofanya kazi ndiyo hayo yaliyopunguziwa uzito, na kwenye udongo mwekundu uliolowa yanazunguka pale pale. Matairi ya nyuma yakisaidia, unaondoka. Nitawaonyesha, tunatoka kwenye hiki kinjia cha shambani. Kwa magurudumu mawili... gari inateleza, mnaona. Naweka H4, yaani magurudumu manne. Inatembea, wala haiombi mafuta mengi. Ila nikifika lami naitoa. Hii yangu inafunga shafti ya mbele na ya nyuma pamoja, ukikata kona kwenye lami kavu mkazo wote unaingia kwenye gia. Ya mdogo wangu inajigawia yenyewe, haina shida hiyo, lakini pia haina gia nzito ya L4. Usiipeleke kwenye tope la kulalia.

Jambo jingine, urefu kutoka usawa wa bahari. Hapa tuko juu ya mita 2,000. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, na ya Maverick haibridi haina tabo. Mota ya umeme haijali hewa, lakini betri yake ni ndogo, mlima mrefu unaimaliza. Ukiipeleka milima ya Colorado na mzigo, ipe nafasi, usiifukuze.

Tumefika lami, tunaanza kushuka. Zima redio. Hapa ndipo jibu lenyewe lilipo: magurudumu manne yanakusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Kila gari ina breki kwenye magurudumu manne, hata ya kuvutwa na mbele. Huongezewi chochote.

Weka gia ndogo KABLA ya mteremko, siyo katikati. Niko gia ya tatu, mguu mbali na breki, injini inamshika. Mwendo ukizidi, nakanyaga breki kwa uhakika, napunguza, naachia ipoe. Usiegemeze mguu juu ya breki kilomita nzima, zitaungua. Haibridi inajichaji ikishuka, na ile chaji ndiyo inayoshika gari, raha kweli. Lakini betri ndogo kama ile mteremko mrefu kama huu unaijaza kabla hujafika chini. Ikijaa, ushikaji ule unapungua na injini inaanza kunguruma. Usishtuke, ndiyo inashika sasa. Na wewe uwe tayari umepunguza mwendo.

Lori hilo, mwache apite. Awahi yeye.

Uyole hii hapa. Naegesha pembeni. Weka kiganja karibu na habu, kitovu cha gurudumu la trela, usiguse moja kwa moja kwanza. Kushoto ni vuguvugu. Kulia vuguvugu. Sawasawa. Moja ikichoma na nyingine ya baridi, beringi inakwisha au breki imegoma. Nati nakaza tena, kwa sababu haya matairi niliyafunga jana. Hii imekubali robo mzunguko. Hii nayo. Dogo, zima kamera uje tushushe viazi.