Nani Kaukamua Huu Wimbo?

SOMOE: Mtwara kuchele!

BAKARI: Kuchele! Na Lindi pia, wasije wakatununia.

SOMOE: Karibuni kipindini. Tupo Shangani, madirisha tumefunga kwa sababu ya upepo wa bahari, feni tumezima kwa sababu ya kinasa sauti. Mkisikia mtu anahema, ni joto. Kaka Bakari mmeshamzoea, mtu wa miziki ya kukodi, harusi, maulidi...

BAKARI: Na unyago. Usisahau unyago, ndio unaonilipia ada za watoto.

SOMOE: Na unyago. Sasa leo mezani kuna kanda, ile ya plastiki ya kurudisha kwa kalamu. Mwenyewe ni baba yangu mdogo wa Mikindani. Wiki iliyopita nilimpelekea fleshi, nikamwambia baba mdogo, nyimbo zako zote za dansi nimekuwekea humu, achana na makanda yako yenye ukungu. Akaichomeka kwenye sabufa. Akasikiliza wimbo mmoja, na nusu ya wa pili, akaichomoa. Akaniuliza, "Mwanangu, nani kaukamua huu wimbo?"

BAKARI: (anacheka) Kaukamua!

SOMOE: Kama nazi. Nikasema moyoni, uzee huo. Lakini neno likaniganda.

BAKARI: Mzee yuko sahihi, dada. Hizo nyimbo ulizitoa wapi?

SOMOE: Zingine YouTube, nikazigeuza kwenye zile tovuti za kugeuza. Zingine nilirushiwa na watu. Nyingi aliniwekea kijana mmoja wa kibandani.

BAKARI: Basi hesabu. Kuna mtu huko alikuwa na santuri au kanda, akainasa, akaipandisha YouTube, kule ikabanwa. Tui la kwanza. Wewe ukaigeuza, ikabanwa tena. Tui la pili. Kijana wa kibandani anataka nyimbo elfu zienee kwenye fleshi moja, kapunguza tena. Baba mdogo wewe ulimpelekea maji ya kusuuzia machicha.

SOMOE: Lakini gitaa si lilelile? Maneno si yaleyale?

BAKARI: Ndiyo, na maji ya machicha nayo yananukia nazi. Ngoja nikwambie. Kuna kubana kwa aina mbili na watu wanazichanganya, hata sisi mafundi. Kwanza ni kubana faili. CD ilipotoka mwaka 1982, ile ya Sony na Philips, sauti ilikuwa inapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Ni kilobiti 1,411 za data kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne unakula megabaiti 42 hivi.

SOMOE: Bando lote la siku!

BAKARI: Ndipo ikaja MP3, faili la sauti iliyobanwa. Ukiiweka kwenye kilobiti 128, kama zile tulizokuwa tunapakua zamani, wimbo uleule unakuwa chini ya megabaiti nne. Moja ya kumi na moja.

SOMOE: Na zile kumi zimekwenda wapi?

BAKARI: Zimetupwa. Ila zimetupwa kwa akili. Wajerumani wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer, akiwemo mmoja anaitwa Karlheinz Brandenburg, walikaa na swali moja: sikio la mtu halisikii nini? Ngoma kubwa ikilia, njuga iliyo karibu nayo huisikii, imefunikwa. Basi, kisichosikika hakihifadhiwi. Na unajua kilichowasumbua ni nini? Wala si bendi kubwa. Ni wimbo wa Suzanne Vega, mwanamke anaimba peke yake bila ala. Sauti tupu ya mtu haina pa kujificha, kasoro yoyote unaisikia.

SOMOE: Kama kaswida bila dufu.

BAKARI: Hapo hapo. Sasa faili likishatupa, limetupa. Kuna watu wananiletea MP3, "kaka nigeuzie iwe WAV," yaani faili lisilobanwa, "iwe nzito, iwe safi." Namwambia, ng'onda ukimloweka kwenye maji atavimba, lakini hawi samaki mbichi wa Msimbati.

SOMOE: Haya, niseme na mimi aibu yangu. Juzi Bakari kanigeuza uso ukutani kama mtoto wa shule. Kachukua CD halisi, ya taarabu, kaigeuza mara mbili, moja kilobiti 320, moja 128. Ananipigia bila kusema ipi ni ipi.

BAKARI: Kwa spika nzuri, na sauti nimezilinganisha, maana moja ikipiga juu kidogo tu mtu ataipenda hiyo.

SOMOE: Ya 128 nilimkamata. Matoazi yalikuwa yanalia kama maji yanayochuruzika, na watu wakipiga makofi inakuwa kama mvua kwenye bati. Lakini 320 na CD? Nilikisia. Mara kumi, nikapata tano.

BAKARI: Hata mimi nilipata sita. Na mimi ndiyo kazi yangu.

SOMOE: Kwa hiyo wale jamaa wa sauti safi, wenye spika bei ya nyumba na waya bei ya bodaboda, wanasikia nini ambacho sisi hatusikii?

BAKARI: Hao nawapenda, usiwaseme vibaya. Nakaa usiku nawasoma. Ndio watu waliokataa kabisa kukubali kwamba muziki ni kitu cha kupita tu sikioni ukiosha vyombo. Ila wana ugonjwa. Sikiliza kisa hiki. Kuna kampuni ya Marekani, Mobile Fidelity, inatoa santuri za bei kali. Sifa yake ilikuwa kwamba mambo yote ni ya zamani, kutoka utepe wa studio moja kwa moja mpaka kwenye santuri, dijitali haikugusa. Wapenzi wa sauti safi wanaisifu: unasikia uhai huo, unasikia hewa? Dijitali haiwezi! Mwaka 2022 mwenye duka la santuri kule Phoenix akauliza, na mafundi wa kampuni wakakiri kwamba katikati hapo kuna hatua ya dijitali. Na ilikuwepo kwa miaka.

SOMOE: (anacheka) Bwana wee! Na masikio yao yale?

BAKARI: Yakanyamaza. Wengine wakaenda mahakamani.

SOMOE: Mimi ningerudisha na spika.

BAKARI: Lakini hapo usicheke haraka. Zile santuri zilikuwa nzuri kweli! Masikio hayakuwadanganya kuhusu uzuri, yaliwadanganya kuhusu sababu. Kuna jaribio lingine la mwaka 2007, Meyer na Moran wa Boston. Wakachukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakazipitisha kwenye kiwango cha CD, wakawauliza watu, ipi imepitishwa? Majibu 554, yaliyo sahihi 276.

SOMOE: Nusu. Ni kurusha shilingi.

BAKARI: Kurusha shilingi. Ila hao hao wakaandika kwamba zile rekodi za ubora wa juu, karibu zote, zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida. Kwa nini? Kwa sababu aliyezimiksi na kuzimasta, yaani kuzichanganya sauti na kuzimalizia, alikuwa anamtengenezea mtu atakayekaa kitini kusikiliza. Hakuwa na haraka, hakuwa na hofu. Kwa hiyo shida haikuwa chombo, ilikuwa mkono. Na hapo ndipo kwenye kubana kwa pili, kule ambako mimi kunaniuma.

SOMOE: Kubana sauti yenyewe.

BAKARI: Ndiyo. Wewe ukitoka Mikindani kwenda Newala kuna kupanda, kuna kona, unafika juu unaona bonde la Ruvuma hilo, moyo unashtuka. Muziki ni hivyo. Sauti ndogo, halafu ghafla tarumbeta. Sasa chukua greda, sawazisha kuanzia mwanzo wa safari mpaka mwisho. Prodyuza anachukua palipo chini anapapandisha mpaka palingane na juu, na palipo juu anapakata. Wimbo wote unapiga kelele.

SOMOE: Anafanya hivyo kwa nini?

BAKARI: Ushindani. Wimbo wako ukipigwa redioni baada ya wa mwenzako na wako uko chini, msanii anakupigia simu usiku: "Broo, wangu hauna nguvu." Wazungu nao wana ugonjwa huohuo, wanauita vita ya kelele. Metallica, bendi ya roki, walitoa albamu mwaka 2008 imepigwa greda mpaka mashabiki wao wenyewe, watu wa makelele hao, wakalalamika. Tena wakagundua nyimbo hizohizo ndani ya gemu la Guitar Hero zinasikika vizuri zaidi, kwa sababu zile hazikukandamizwa kama za kwenye albamu.

SOMOE: Gemu la watoto likawashinda mafundi!

BAKARI: Na kinachochekesha, siku hizi Spotify na YouTube zinapima zenyewe. Wimbo wenye kelele sana unashushwa ulingane na wenzake. Kwa hiyo umekata vilele vyako vyote, halafu ukashushwa. Umebaki na tambarare iliyoshushwa. Mimi naziona kwenye miksa. Nikipiga za zamani, taa zinacheza: kijani, njano, nyekundu mara moja, zinarudi. Nikipiga za sasa taa inawaka nyekundu tangu "hallo" mpaka mwisho, imeganda. Saa sita usiku wageni harusini wanashika vichwa, wanasema bia mbaya.

SOMOE: Sasa mimi nakupinga, kaka. Huyo kijana anayetengeneza singeli chumbani Dar anajua wimbo utasikilizwa wapi. Kwenye simu, spika ndogo kuliko kucha. Kwenye bajaji, injini inalia. Akiacha hayo mabonde yako, abiria wa bajaji atasikia nini? Atasikia injini.

BAKARI: Kwenye bajaji, sawa.

SOMOE: Na singeli yenyewe imeumbwa iwe nyekundu mwanzo mwisho! Ukiipa bonde imekufa. Usiwapimie watu wa leo kwa kipimo cha baba mdogo.

BAKARI: Singeli nakuachia. Silalamiki singeli. Nalalamika mtu anapochukua wimbo wa dansi wa mwaka 1970, "anausafisha", anaupiga greda ulingane na singeli. Hiyo ni dhuluma.

SOMOE: Hapo tunakubaliana. Lakini na baba mdogo naye tumwambie ukweli. Hiyo zamani anayoililia aliisikia kwa redio ya mawimbi ya kati, ya mbao, spika moja.

BAKARI: Sauti ya mawimbi ya kati inaishia kama hezi 5,000 tu. Sikio la kijana linafika 20,000. Yaani robo.

SOMOE: Na bendi zetu nyingi zilirekodi Radio Tanzania, wote chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja, maikrofoni za kuhesabu. Santuri zikitaka kutengenezwa, mpaka Kenya. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa, hata hiyo njia ikawa shida. Kilwa Jazz, jina la kwetu kusini, maskani Dar, santuri Nairobi. Hata kanda, Philips walipoitoa mwaka 1963 waliifikiria zaidi kwa kunasa maneno ya ofisini. Usafi hapo uko wapi?

BAKARI: Usafi hakuna. Ila hebu fikiria watu wamekaa chumba kimoja, maikrofoni chache. Mpiga tarumbeta akizidisha, kaharibu wimbo wa wote, hakuna wa kumrekebisha baadaye. Kwa hiyo anajizuia. Anasogea nyuma hatua mbili mwimbaji akianza. Miksa ni miguu yao. Huo umbali mzee anausikia, hata kwa redio ya mbao.

SOMOE: (kimya kidogo) Sawa. Nimekuelewa.

BAKARI: Na wewe ukitaka kumpelekea tena, nenda na hii kanda, tuiingize kwenye kompyuta mara moja, tusiisafishe, tusiibane. Ukiwarushia ndugu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, usirekodi kwa simu mbele ya spika kama watu wa grupu lenu.

SOMOE: Umetuona! Na ile besi ya sabufa nikamshushie. Ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, panya wamehama.

BAKARI: Tuisikilize basi. Kichwa cha redio nimekisafisha kwa spiriti.

SOMOE: Huu wimbo baba mdogo aliunasa redioni mwenyewe, kidole kimoja kwenye "play" kingine kwenye "rec". Anasema katikati, kabla ya saksafoni, kuna mtu wa bendi anakohoa. Kwenye fleshi yangu nimetafuta, hakuna.

BAKARI: Aliyeusafisha kamfuta.

(Kanda inawekwa. Mchakacho wa kanda, kisha magitaa mawili, mwimbaji.)

SOMOE: Mchakacho mwingi hivi...

BAKARI: Shh. Sikia magitaa yanavyopokezana. Moja karibu, moja mbali.

(Magitaa. Ngoma inapungua.)

SOMOE: Bado.

BAKARI: Subiri.

(Mtu anakohoa. Saksafoni inaingia.)

SOMOE: Huyo!