C+ Inakufikisha Steji Tu: Gredi, Klasta na Safari ya Chuo

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunaongea na yule mzazi wa Umoja au Kawangware hapa Nairobi ambaye matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yameshaingia kwenye simu, mtoto ana B-, na jirani tayari ameuliza atasomea nini. Mutua, B- inampeleka mtu wapi?

MUTUA: Siwezi kukujibu mpaka unionyeshe karatasi yote ya matokeo, somo kwa somo. Watu husoma ile herufi moja ya wastani wakaanza kusherehekea au kulia. Herufi hiyo kazi yake ni ndogo: C+ na kwenda juu, unaruhusiwa kuomba digrii. C+ inakufikisha steji. Matatu gani itakubeba, hilo linaamuliwa na masomo manne.

ZUHURA: Tuanze na hiyo C+ basi. Inapatikanaje?

MUTUA: Kila gredi ina pointi. A ni 12, A- ni 11, unashuka moja moja mpaka E, ambayo ni 1. Yanahesabiwa masomo saba, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 84. C+ ni kuanzia pointi 46 hadi 52. B- ni 53 hadi 59. Tangu mtihani wa 2023, yanayohesabiwa kwa lazima ni Hisabati na lugha moja, halafu matano mengine yaliyofanywa vizuri zaidi.

ZUHURA: Kwa hivyo Kiingereza kikikuangusha na Kiswahili kikakubeba...

MUTUA: Kiswahili kinaingia kama lugha ya lazima, Kiingereza kinaachwa nje kama si miongoni mwa matano bora. Hisabati ndiyo haina pa kujificha.

ZUHURA: Sasa hayo masomo manne.

MUTUA: Hiyo ndiyo klasta. Kila kozi ina klasta yake. Uhandisi unataka Hisabati, Fizikia, Kemia, na somo moja la nne. Udaktari unataka Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Pointi za masomo hayo manne jumla yake ya juu ni 48. Wanachukua pointi zako za klasta, wanagawa kwa 48. Wanachukua jumla yako ya masomo saba, wanagawa kwa 84. Unazidisha hizo mbili, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha kwa 48.

ZUHURA: Hapo umepoteza nusu ya wasikilizaji, ndugu yangu. Fanya na namba.

MUTUA: Haya, chukua kikokotoo. Wanafunzi wawili, wote wana pointi 58, yaani B-. Wote wanataka uhandisi wa ujenzi. Wa kwanza ana Hisabati B, Fizikia B+, Kemia B, na somo la nne B-. Hiyo ni 9, 10, 9, 8: jumla 36. Gawanya 36 kwa 48, unapata 0.75. Gawanya 58 kwa 84, unapata 0.69. Zidisha, tafuta kipeuo, zidisha kwa 48: anapata karibu 34.5.

ZUHURA: Na wa pili?

MUTUA: Wa pili ameng'ara kwenye Historia, Dini na Kiswahili. Hisabati ana C-, Fizikia C, Kemia C, na somo la nne A-. Hiyo ni 5, 6, 6, 11: jumla 28. Hesabu ileile inampa karibu 30.5. Gredi moja, pengo la pointi nne. Kwenye kozi inayogombaniwa, pointi nne ni umati wa watu mbele yako kwenye foleni.

ZUHURA: Na huyo wa pili hata hafiki kwenye foleni.

MUTUA: Kabisa, hafiki. Kozi nyingi za uhandisi zinataka angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Yeye ana C- ya Hisabati. Ameshazuiwa mlangoni kabla pointi hazijaangaliwa. Hapo ndipo wazazi hulalamika kwamba mtoto wa fulani mwenye B- sawa na wake amechukuliwa. Kuna vizuizi viwili: gredi ya chini ya kila somo, halafu pointi za klasta.

ZUHURA: Niongeze kwamba ile namba ya kikokotoo ni makadirio. KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, hutumia ufaulu wa kila somo kwa undani kuliko herufi, kwa hiyo pointi utakazoziona ukiingia kwenye tovuti yao zinaweza kutofautiana kidogo na za nyumbani. Amini za tovuti.

MUTUA: Na zile pointi za mwaka jana zinazoonyeshwa kando ya kozi, mtu asizichukulie kama ahadi. Ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka huo. Mwaka huu wakiomba wengi wenye nguvu, zinapanda. Ukiwa na 34.5 na mwaka jana ilikuwa 34.2, uko ukingoni. Weka kozi hiyo, lakini chini yake weka nyingine ambayo umeizidi kwa pointi mbili au tatu.

ZUHURA: Kuna anayejaza udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha udaktari kwingine, kisha udaktari tena, basi. Majina yakitoka, hana kozi hata moja.

MUTUA: Huyo hakukosa akili, alikosa mpangilio.

ZUHURA: Vipi ripoti za muhula? Nafasi darasani, mock (mtihani wa majaribio), zile karatasi zote za kidato cha kwanza hadi cha tatu?

MUTUA: KUCCPS hawazioni. Ila angalia: Kilimo na Kompyuta zina mradi unaofanywa kabla ya mtihani wenyewe, na alama zake zinaingia kwenye KCSE. Anayeupuuza amepoteza alama kabla hajakalia kiti cha mtihani.

ZUHURA: Na ukitaka kusoma Marekani?

MUTUA: Huko mambo yanageuka. Vyuo vingi vinataka matokeo ya miaka yote minne, muhula kwa muhula, yamepigwa muhuri na shule. Kwa hiyo usichome ripoti fomu zako.

ZUHURA: Turudi kwa aliyekosa C+. Hapo simu huwa nyingi.

MUTUA: C- inakupeleka diploma. D inakupeleka cheti cha ufundi. Chini ya hapo kuna kozi za ufundi stadi, ambazo hazimfungii mtu mlango. Kabete National Polytechnic, au Nairobi Technical pale Ngara, zinapokea kupitia KUCCPS ileile. KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, kozi nyingi za diploma zinataka C na masomo maalumu, kwa hivyo soma masharti ya kila kozi.

ZUHURA: Na kutoka diploma mtu anaingia digrii.

MUTUA: Anaingia, na baadhi ya vyuo humruhusu kuruka sehemu ya masomo. Tahadhari moja tu: kuna taaluma zinazorudi kuangalia cheti cha kidato cha nne. Anayefikiria sheria aulize mapema kuhusu B ya Kiingereza au Kiswahili, kabla hajalipa karo ya diploma.

ZUHURA: Dakika za mwisho tuzipe tovuti, maana huko saiba, yaani vibanda vya intaneti, za barabara ya Tom Mboya watu huharibu.

MUTUA: Unaingia kwa nambari ya mtihani yenye tarakimu 11 na mwaka wa KCSE. Nywila ya kwanza ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, jinsi shule ilivyoiandika wakati wa usajili. Ikikataa, jaribu ile nyingine kabla hujasafiri hadi ofisi za KUCCPS, ACK Garden House. Ada ni shilingi 1,500, unalipa mwenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

ZUHURA: Na mhudumu wa saiba?

MUTUA: Mpe kibodi, usimpe uamuzi. Nakili misimbo ya kozi kwenye karatasi ukiwa nyumbani. Kozi mbili zinaweza kufanana jina na kutofautiana chuo kwa tarakimu moja. Akimaliza kujaza, soma kila mstari kwenye skrini, kisha chapisha nakala kabla hujainuka.

ZUHURA: Kuna swali la mama mmoja: binti yake bado yuko sekondari, anachukia Fizikia, anataka kuiacha.

MUTUA: Aketi na binti yake waandike kozi tano anazozipenda. Wasome klasta za zote tano. Fizikia isipoonekana hata mara moja, aiache kwa amani. Ikionekana mara tatu, mama atafute mwalimu wa Fizikia wikendi hii.