Katlesi ya Sufuria: Viazi na Kima vya Kuoka kwa Moto wa Juu na wa Chini

Watazamaji wapendwa, karibuni tena jikoni. Leo jiko nimelitoa uani, kwa sababu chakula tutakachopika kinaokwa kwa makaa, na makaa hayafai kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Tutatengeneza viazi na kima vya kuoka, chakula ambacho mimi hukiita katlesi ya sufuria, kwa maana vinavyoingia humo ni vilevile vinavyoingia katika katlesi za futari, isipokuwa hapa hatufinyangi moja moja kiganjani, hatuchovyi katika yai, wala hatutumii mafuta mengi ya kukaangia. Sufuria moja inawatosha watu sita kwa chakula cha usiku, na oveni haihitajiki.

Niseme mapema kwamba ninauza mifuniko bapa ya bati nene, yenye ukingo uliosimama, ambayo mafundi wa hapa Ngamiani, Tanga, hunitengenezea, na ndiyo mtakayoiona katika video hii. Asiye nao atumie sinia kuukuu la chuma lililo pana kuliko mdomo wa sufuria. Asitumie alumini nyembamba, kwa kuwa hupinda inapobebeshwa makaa, na sinia likipinda majivu huingia chakulani.

Vitu vyetu ni hivi hapa mezani: kilo moja ya viazi mviringo, nusu kilo ya kima, nusu kikombe cha adesi zilizolowekwa, vitunguu maji viwili vikubwa, karoti moja, pilipili hoho moja, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, kijiko kidogo cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha pilipili manga, ndimu moja, fungu dogo la kotmiri, mayai mawili, robo kikombe cha maziwa, siagi kijiko kimoja, chumvi, na nusu ya boflo la jana lililokauka. Nyanya sikuiweka, na sikuisahau. Nyanya ina maji, na leo maji ndiyo adui yetu, kama mtakavyonisikia nikirudia mpaka mchoke.

Tuanze na nyama, maana hapo ndipo pa kuokoa fedha. Msinunue kima iliyokwisha kusagwa tangu asubuhi ikakaa juu ya meza ya bucha. Chagueni kipande cha shingo au cha bega, ambacho kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko steki, kisha mwombeni mwenye bucha akisage mbele yenu. Mtajua kilichoingia katika mashine, na mtapata mafuta kiasi ya kukaangia nyama yenyewe, hivyo hamtahitaji kuongeza mengine. Najua wengi wetu tumelelewa kuosha nyama, nami sitaki ugomvi na mama wa mtu yeyote. Lakini anayetaka kuosha aoshe kipande kizima nyumbani kwake, akifute kwa kitambaa safi, na akisage kwa mashine ya mkono kama anayo. Kima iliyokwisha kusagwa haioshwi, kwa sababu hunywa maji, na maji hayo yatatuaibisha baadaye.

Viazi tunavichemsha vikiwa na maganda yake. Hivi ni viazi vya Lushoto, vinavyoshuka kwa wingi katika masoko yetu ya Tanga, na nimechagua vinavyolingana ukubwa ili viive kwa wakati mmoja. Chenye rangi ya kijani kiwekeni kando, kwa kuwa ukijani huo ni dalili ya sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa. Viwekeni katika maji baridi yenye chumvi, si katika maji yanayotokota, ili joto lifike katikati kabla ganda halijapasuka. Dakika 20 hadi 25 zinatosha kwa ukubwa huu. Ganda likibaki zima, kiazi hakinyonyi maji. Mnaona jinsi ninavyojali jambo hilo.

Adesi zichemke katika sufuria ndogo pembeni, ziive bila kuvurugika, kisha zichujwe. Hizo ndizo zitakazoifanya nusu kilo ya kima ionekane kama robo tatu, na katika nyumba yangu hakuna mlaji aliyewahi kulalamika, ingawa yupo mmoja ambaye hadi leo sijamwambia.

Sasa kaango liko jikoni, na moto ni mkali. Wekeni kima peke yake, bila mafuta, bila kitunguu na bila chumvi, muitandaze kwa mwiko na muiache ishike rangi upande wa chini kabla ya kuigeuza. Mkono usiwe na haraka ya kuvuruga. Ikishapoteza wekundu wote, vunjeni mabonge, kisha wekeni saumu na tangawizi, bizari, pilipili manga na karoti iliyokunwa. Chumvi nayo iingie sasa, pamoja na nusu ya ndimu.

Naomba kamera isogee hapa. Tafadhali tazameni ukingoni mwa kaango, upande wa kushoto: kuna maji yanayong'aa yenye rangi ya kijivu. Nilidhani tumeshamaliza, lakini chumvi imeyatoa yaliyokuwa yamejificha ndani ya nyama, kwa hiyo hatuendelei mbele hata kidogo. Ninaongeza moto, ninaitandaza kima upya, na tutasubiri pamoja. Samahani, mvuke umefunika kioo cha kamera. Kinafutwa sasa hivi.

Haya, tunaonana tena. Wakati tunasubiri, nieleze kwa nini ninasisitiza hivi. Kima hii itafunikwa na viazi juu na chini, na ikishafunikwa maji yaliyomo hayana pa kutokea. Yatageuka mvuke, mvuke utapenya katika viazi vya chini, na badala ya kipande kinachosimama sahanini mtapata uji uliochanganyika na nyama. Utamu utakuwapo, lakini hakitakatika, na mgeni atapewa kijiko badala ya uma. Kwa hiyo kima ikauke. Njia ya kupima ni kupitisha mwiko katikati ya kaango kwa mstari mmoja: njia ikibaki wazi, pasiwe na kitu kinachotiririka kurudi isipokuwa mng'ao wa mafuta, imekauka. Masikio pia husaidia, kwa kuwa maji hutokota kwa sauti nzito, ilhali mafuta hutatarika kwa sauti kavu. Sikilizeni sasa. Bado ni nzito. Tusubiri.

Hiyo ndiyo sauti ninayoitaka. Mwiko unapita, njia inabaki wazi. Changanyeni adesi, zikiwa zimechujwa barabara, mkaange dakika mbili tatu nyingine, kisha epueni. Vitunguu, pilipili hoho na kotmiri, vyote vikiwa vimekatwa vidogo sana, mimi huvitia baada ya kuepua, kama tunavyofanya kwa kima ya sambusa, ili vibaki na uhai wake. Wapo wanaokaanga kitunguu mwanzoni mpaka kiwe cha kahawia, na sina neno nao. Hata hivyo, vikamueni vitunguu hivyo kwa mkono kabla ya kuvitia, kwa maana navyo vina maji. Tandazeni kima katika sinia ipoe.

Viazi vimeiva, kisu kinaingia bila kusukumwa. Vimenyeni vikiwa vya moto, mkivishika kwa kitambaa, na mviponde papo hapo kwa mwiko au kwa kitako cha kikombe kizito. Msitie katika blenda. Visu vya mashine huivunjavunja wanga ya kiazi mpaka vinanata kama gundi, na hapo hakuna dawa. Tieni siagi kwanza, kisha maziwa yaliyopashwa moto, kidogo kidogo, mkiacha mara vinaposhikana. Mimi leo nimebakiza nusu ya maziwa, kwa kuwa viazi hivi vimetosheka. Chumvi muionje sasa, kabla yai halijaingia. Baada ya viazi kupoa kiasi cha kuvumilika mkononi, vunjeni yai moja na ute wa la pili, na kiini cha hilo la pili kiwekwe kando.

Sufuria yetu ina upana wa sentimeta 24. Ninaipaka mafuta chini na pembeni, kisha ninanyunyiza chenga za boflo lililosagwa, ninaizungusha zishike kila mahali, na zinazobaki ninazimwaga katika bakuli kwa matumizi ya juu. Chenga hizo ndizo zitakazotupa ukoko wa chini, na pia zitanyonya unyevu mdogo uliobaki, ikiwa upo, nami natumaini haupo.

Nusu ya viazi inaingia chini. Lowesheni vidole kwa mafuta, mbonyeze viazi vienee kwa unene wa karibu sentimeta moja, na mvipandishe pembeni kama ukingo wa kisahani, ili kima ikae ndani yake. Kima inafuata, inasawazishwa, na inakandamizwa kidogo kwa mgongo wa kijiko ili isimomonyoke wakati wa kukatwa. Viazi vilivyobaki vinakuwa paa. Msiviangushe kwa fungu moja katikati na kuanza kuvisukuma, kwa sababu vitaburuta kima. Viwekeni kwa mafungu madogo madogo kuanzia pembeni, kisha myaunganishe. Pitisheni uma juu yake muweke mistari, mpake kile kiini cha yai kilichochanganywa na tone la maziwa, na mnyunyize chenga.

Tumefika kwenye moto, na hapa nawaomba utulivu. Kila kilichomo ndani ya sufuria kimekwisha kuiva, isipokuwa yai na zile mboga tulizozitia baada ya kuepua, kwa hiyo hatupiki tena. Tunakausha, tunashikanisha na kutia rangi. Ndiyo maana makaa mengi yanakwenda juu na machache yanabaki chini. Kwa sufuria hii ninabakiza chini makaa manne au matano yaliyoanza kuvaa majivu, na yote mengine ninayapandisha juu ya mfuniko kwa koleo, nikiyapanga zaidi ukingoni kuliko katikati, kwa sababu katikati hupata joto kutoka kila upande. Moto wa chini ukiwa mkali, ukoko utaungua kabla juu hapajabadilika rangi, na harufu ya kuungua hupanda hadi kwenye kima.

Mwenye oveni aiwashe mapema ifike nyuzi joto 190, aweke chombo tundu la katikati kwa dakika 30, na anaruhusiwa kwenda kukaa.

Sisi wa makaa hatukai. Baada ya dakika 10 tunachungulia, na namna ya kuchungulia ni hii: mfuniko unainuliwa wima, moja kwa moja juu, ukiwa sawa bila kuinama, kisha unapelekwa pembeni, mbali na sufuria, ndipo mtazame. Msiinamishe upande mmoja ili kuchungulia kwa jicho moja. Majivu huteleza yote kwa mara moja, na majivu yaliyoingia katika viazi laini vya juu hayatoki kwa kupulizwa. Yakipulizwa hutawanyika zaidi. Wima, sawa, pembeni. Ninarudia tena kwa sababu najua shauku ya mtu aliyenusa harufu nzuri: wima, sawa, pembeni.

Naona upande wa kulia umeshika rangi ya dhahabu, ilhali wa kushoto bado ni mweupe kabisa. Hapa uani upepo wa bahari unavuma kutoka kulia na unayapepea makaa ya upande ule. Dawa yake ni nyepesi: ninaizungusha sufuria nusu mzunguko, ninaurudisha mfuniko, na ninaegesha kipande cha bati upande wa upepo. Watakaopika mahali penye utulivu hawatahitaji hatua hii, ila wazungushe sufuria mara moja kwa usalama.

Dakika 25 zimetimia, na sasa rangi imekuwa moja. Kandokando pameachana na sufuria, na nikiingiza kisu chembamba katikati kinatoka kikiwa cha moto na kisafi. Mngeona povu linachemka pembeni, jueni kwamba kima haikukaushwa vizuri. Hapo ondoeni makaa yote ya chini, myaache ya juu, na muache mfuniko wazi kidogo kwa kuuegemeza juu ya vijiti viwili vya chuma ili mvuke utoke. Huo ni msaada tu, si tiba.

Epueni, na msikate. Dakika 15 za kupumzika ni sehemu ya mapishi, kwa sababu viazi vya moto havijashikana, na kisu kitavisukuma badala ya kuvikata. Tumieni nafasi hiyo kutengeneza kachumbari kwa ile nusu ya ndimu iliyobaki. Binafsi ninapenda chatne ya ukwaju pembeni, yenye pilipili ya kutosha, na sipendi tomato sosi juu ya chakula hiki, ingawa watoto hawakubaliani nami.

Ninakata kwa kisu kilichopakwa mafuta, kwanza katikati, kisha vipande vya pembetatu, na kipande cha kwanza ndicho kigumu kukitoa; pitisheni mwiko bapa chini kabisa, mguse sufuria. Tazameni ubavu wake: ukoko, viazi, mstari wa kima, viazi, ukoko, na hakuna tone lililodondoka sahanini. Kitakachobaki kiingizwe katika friji kabla ya saa mbili kupita tangu kilipoepuliwa, kiliwe ndani ya siku mbili au tatu, na asubuhi kikipashwa juu ya kikaango kikavu, upande wa ukoko ukiwa chini, ni kifungua kinywa kizito.

Wanaohitaji mfuniko wapime upana wa sufuria zao kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, si sehemu ya ndani, kisha waongeze sentimeta tatu, na waniandikie kipimo hicho pamoja na idadi ya mifuniko wanayoitaka, kwa sababu fundi hukata bati baada ya kupokea vipimo.