Steringi Anapozeeka

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa ngazini kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja.

Wazee mlioingia sinema za Majestic na Cine Afrique mnaijua sheria, na vijana mliokulia kwenye vibanda vya video mnaijua vilevile: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, gari lake litaporomoka bondeni, lakini mkanda ukiisha yeye ndiye aliyesimama. Jioni hii nazungumzia filamu iliyoivunja sheria hiyo, tena kwa heshima, kuanzia dakika zake za mwanzo. Inaitwa Logan. Aliiongoza James Mangold, ikatoka mwaka 2017.

Mwenyewe Logan, au Wolverine, alizaliwa katika vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1974. Ana mifupa iliyovishwa madini yasiyovunjika, makucha yanayochomoza mikononi, na mwili unaojiponya kila jeraha. Hugh Jackman alianza kumwigiza mwaka 2000. Aliyemtazama kwa mara ya kwanza akiwa mtoto wa darasa la kwanza, filamu hii imemkuta mtu mzima. Mangold alilijua hilo, na akamzeesha shujaa pamoja na watazamaji wake.

Tuko mwaka 2029, mpakani mwa Marekani na Mexico. Logan ni dereva wa kukodiwa, anawapeleka watu kwenye harusi na mazishi. Anachechemea. Kusoma, mpaka avae miwani. Kucha moja halitoki sawasawa, na madini yaliyomfanya asishindike sasa yanamtia sumu. Na fedha anazopata zinakwenda wapi? Kwenye dawa za mzee. Charles Xavier, mwalimu wake, amepita miaka tisini na ubongo wake unamtoka. Huyu aliweza kuingia katika fikra za watu popote walipo. Sasa akishikwa na kifafa, kila aliye karibu naye anaganda na kukosa pumzi. Amefichwa upande wa Mexico, ndani ya tangi kubwa la maji lililopinduka, na Logan anampelekea vidonge vilivyonunuliwa kwa siri.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Filamu za mashujaa hutuonyesha nani anaokoa ulimwengu. Hii inatuonyesha nani anambeba mzee kitandani, nani anampeleka chooni, nani anayetukanwa na mgonjwa aliyesahau kuwa huyu ndiye aliyebaki naye. Xavier anamlaumu Logan kwamba anangoja afe. Logan anafoka, anapandisha, kisha anampa vidonge. Nani kati yenu amemuuguza mzazi aliyepotewa na kumbukumbu akaiona ile sura ya Jackman bila ya kushtuka? Zanzibar tumeanza kuwalipa wazee wetu wa miaka 70 na kuendelea pencheni jamii tangu 2016, na ni jambo la kujivunia. Lakini saa nane ya usiku, mzee anapomwita mtu aliyekwishakufa, anayeamka ni mtoto wake, mara nyingi binti, na hakuna anayemwita shujaa. Mangold amemwita.

Na ndoto ya Logan na Xavier ni nini? Kununua boti, wakaishi baharini, mzee akipatwa na maradhi yake asimdhuru mtu. Ukumbi huu wa watu wa kisiwani hauhitaji kufafanuliwa hilo.

Baadhi yenu mtasema shujaa anayekufa ni uzushi wa Wazungu. Hasha. Sisi tuna Fumo Liyongo, na utenzi wake aliouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 bado unasomwa. Liyongo hapasuki kwa mkuki wala kwa upanga. Kinachomuua ni sindano ya shaba kitovuni, na mwenye kuichoma ni mwanawe wa kumzaa. Akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Logan naye hauliwi na mgeni: anayemvamia ni kiumbe kilichotengenezwa kwa damu yake, chenye uso wake wa ujanani. Tofauti iko kwa mtoto. Liyongo alisalitiwa na mwanawe. Logan anaokolewa ubinadamu wake na binti ambaye hakujua kuwa anaye.

Binti huyo ni Laura, naye katengenezwa maabara kutokana na Logan, akalelewa kama silaha. Dafne Keen alimwigiza akiwa mtoto bado, na kwa sehemu kubwa ya filamu hasemi neno. Anatazama, anakula, anapigana. Laura kwanza alionekana katika katuni za televisheni mwaka 2003, ndipo akaingia vitabuni.

Kuhusu kitabu chenyewe nitasema kwa ufupi. Filamu ilichota kutoka hadithi ya katuni Old Man Logan, aliyoiandika Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven kuanzia 2008. Mle Logan amekula kiapo asichomoze tena makucha, na anasafiri na Hawkeye, shujaa mwingine wa Marvel, aliyepofuka, huku ukoo wa Hulk, lile jitu la kijani, ukimdai kodi. Haki za Hulk na Hawkeye hazikuwa mikononi mwa 20th Century Fox, studio ya filamu hii, kwa hiyo waandishi walibaki na uzee, safari na majuto. Nadhani kukosa huko kuliwafaa. Scott Frank, Mangold na Michael Green waliteuliwa kuwania Oscar ya mswada uliotokana na kazi nyingine, heshima ambayo filamu za mashujaa wa katuni hazikuwa zimeizoea.

Ndani ya filamu Laura amebeba vitabu vya katuni vinavyomhusu Logan mwenyewe, na Logan anavikasirikia. Anasema watu halisi hufa. Waliokua na gazeti la Sani, wakacheka na Ndumilakuwili na Madenge, wanaelewa jinsi mtoto anavyoshikamana na picha zile. Laura anavishikilia kwa sababu ndani yake kuna anwani ya pahali pa usalama, na mimi namuunga mkono yeye.

Mzazi mmoja ameniuliza mlangoni kama aitazame na watoto. Hapana, mama yangu. Marekani waliipa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila ya mtu mzima, na damu yake si ya mchezo. Kuna familia ya wakulima inayowakaribisha wageni hawa chakula cha usiku, ikauawa yote kwa wema wake. Mangold hakutaka kifo kiwe kitu cha kupigiwa makofi, ndiyo maana kila pigo linaumiza kulitazama. Mtoto wa skuli ya msingi asubiri. Kijana anayemsaidia bibi yake kula na kuoga, huyo mwite mkae naye muitazame, na ikimalizika mwache aseme.