Kinyama Kinafanywa Nini Siku Zote Hizo?

ZUHURA: Swali la leo limeletwa na wasikilizaji wengi. Mtu amechukuliwa kinyama, cha titi au cha shingo ya kizazi, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Ila akitolewa damu, majibu anayapata siku hiyohiyo. Hiki kinyama kinafanywa nini muda wote huo? Kaka Baraka, hii ndiyo kazi yako.

BARAKA: Ndiyo yenyewe, dada Zuhura. Watu wanamjua daktari aliyekata, na wanamjua daktari bingwa wa patholojia, yaani anayechunguza ugonjwa kwenye nyama ya mwili, anayesaini majibu. Katikati tupo sisi wateknolojia wa maabara. Kile anachokiona bingwa kwenye hadubini ni slaidi tuliyomtengenezea, kipande chembamba cha nyama juu ya kioo. Slaidi ikiwa mbovu, hata awe bingwa wa namna gani, hana cha kusoma.

ZUHURA: Tukifuate basi, tangu kinapotoka mwilini.

BARAKA: Na mengi huharibika hapohapo, kabla hakijatufikia. Nyama ikishakatwa haipati damu tena, seli zinaanza kujimeng'enya zenyewe. Kwa joto la Dar ni kama samaki aliyeachwa juani. Inatakiwa iingie kwenye formalini, dawa ya maji inayozuia nyama isioze, papo hapo, na formalini iwe nyingi, walau mara 10 ya ujazo wa nyama. Nimeshapokea titi zima limeshindiliwa kwenye kopo, formalini imelowesha juu tu. Ukilipasua, nje limekakamaa vizuri, katikati limelegea na linanuka. Nimeshapokea kinyama kilichowekwa kwenye maji ya dripu, kimesafiri na basi kutoka mkoani. Hakisomeki kile. Yule mama itabidi akatwe upya, na nauli atafute upya.

ZUHURA: Halafu anaambiwa maabara ndiyo imemchelewesha.

BARAKA: Anaambiwa hivyo, na inaniuma.

ZUHURA: Hiyo formalini ilianzaje?

BARAKA: Mwaka 1893 kule Ujerumani, daktari mmoja, Ferdinand Blum, alikuwa anaichunguza kama dawa ya kuua vijidudu. Akaona ngozi ya vidole vyake inakakamaa. Akajaribu kwenye nyama, ikakakamaa pia bila kuoza. Mpaka leo maabara za patholojia zinaitegemea. Lakini haitaki haraka. Titi tunataka likae humo lisipungue saa 6 wala kuzidi 72, maana baadaye tutapima vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, na HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za titi, vinavyomsaidia daktari wa saratani kuchagua dawa. Likikaa muda mfupi mno, kipimo kinaweza kusema vipokezi havipo, kumbe vipo. Mgonjwa anakosa dawa ambayo ingemfaa.

ZUHURA: Kwa hiyo kuna kusubiri ambako ni lazima.

BARAKA: Ni lazima. Baada ya hapo kipande kinawekwa kwenye kaseti, kijisanduku cha plastiki, kinapitishwa kwenye alkoholi ambayo nguvu yake inapanda taratibu ili maji yatoke, kisha zailini, kimiminika cha kuondoa alkoholi, kisha nta iliyoyeyushwa. Kwa kawaida mashine inayofanya hayo inafanya kazi usiku kucha. Asubuhi tunakikuta kimelowa nta mpaka ndani, tunakipanga kwenye nta nyingine iwe bloku. Kukipanga kuna ujuzi wake. Kipande cha ngozi lazima kisimame kwa ubavu, ili bingwa aone kuanzia juu mpaka chini. Ukikilaza, anaona tabaka moja tu, na hawezi kujua saratani imezama kiasi gani.

ZUHURA: Halafu mnakata.

BARAKA: Hapo ndipo mkono unapojulikana. Bloku inapoozwa kwenye barafu, inafungwa kwenye maikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba. Unene tunaotaka ni mikroni 3 mpaka 5; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa mikroni 7 hivi, kwa hiyo tunakata chembamba kuliko seli. Unazungusha gurudumu kwa mwendo mmoja, vipande vinatoka vimeshikana kama utepe. Unaubeba kwa brashi, unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, mikunjo inajinyoosha yenyewe. Kisha unazamisha slaidi chini yake na kuuinua. Feni ya dari ikiwaka umeukosa, kwa hiyo tunaizima, joto tunalivumilia. Kila tunapomaliza bloku tunapangusa uso wa maji kwa karatasi. Chembe ya mgonjwa mmoja ikibaki ikaelea, inaweza kudakwa na slaidi ya mwingine, na mtu asiye na ugonjwa akaandikiwa saratani ya jirani yake.

ZUHURA: Mungu wangu!

BARAKA: Ndiyo maana hata jina na namba tunaandika kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye alkoholi na zailini. Zikishapakwa rangi, viini vya seli vinakuwa bluu ya zambarau, kwingine waridi, ndipo bingwa anapoketi na hadubini yake. Na akihitaji kipimo kingine, tunarudi kwenye bloku kukata tena.

ZUHURA: Mikono na mapafu yenu je?

BARAKA: Formaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye formalini, imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisi tunaivuta kila siku. Kabati la kuvuta hewa chafu likiharibika lisisubiri bajeti ya mwaka ujao. Hilo nawaomba viongozi wa hospitali kwa moyo wote.

ZUHURA: Na mgonjwa, afanye nini?

BARAKA: Ukipewa kopo ulipeleke mwenyewe, uliza: hii ni formalini? Jina langu limeandikwa kwenye kopo lenyewe? Wengine wanaandika kwenye kifuniko, na vifuniko hubadilishana. Pia ujue bloku haitupwi majibu yakitoka, tunaitunza kwa miaka. Ukihamia hospitali nyingine, au ukitaka bingwa wa pili aangalie, omba bloku au slaidi zako. Njoo na namba ya maabara.

ZUHURA: Siyo namba ya faili la hospitali?

BARAKA: Hapana, ya maabara, ipo kwenye karatasi ya majibu. Ndiyo tunayotafutia kabatini.